Kifuko cha Hariri Kifuani mwa Meneja

Sogeeni karibu, majirani. Na wewe uliyeshika simu, iweke kando kidogo, haitakimbia. Nina jambo la kuwaambia, na nitalisema wazi, kwa sababu kutosema wazi ndiko kulikotaka kutuulia mtoto.

Mimi ni dobi. Kibanda changu cha kufua na kupiga pasi kinatazamana na duka la dada mmoja mshonaji wa magauni ya maharusi. Mtaa mzima humwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walishastaafu. Nyuma ya duka ndiko anakoishi, pamoja na kaka yake ambaye ni fundi bomba, mke wa huyo kaka, na binti yao. Sasa huyo binti ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka saba, na sote tulimwita Meneja.

Mngemwona asubuhi! Jua bado la upole, cherehani inaimba, mimi nakung'uta mashuka, na Meneja amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kichwa kinang'aa maana dawa zilishaondoa nywele zote, anatoa amri.

"Dobi! Hiyo kola haijanyooka!"

"Naiona, bosi."

"Unaiona na hufanyi kitu? Umefukuzwa kazi!"

Kufika mchana alikuwa amenirudisha kazini, tena kwa kunipandisha cheo. Fundi alikuwa akicheka mpaka anajichoma sindano. Baba yake akirudi na mabomba begani, anasimamishwa mlangoni akaguliwe kucha. Nyumba ile ilikuwa na kicheko, jamani, hata siku ambazo ilikuwa na kila sababu ya kulia.

Maana Meneja alikuwa na saratani ya damu. Tusiogope kulitaja jina lake, halisikii. Matibabu yalikuwa yanakwenda vizuri, daktari mwenyewe alisema hivyo. Lakini dawa zile ni kali na za muda mrefu, na mishipa ya mikono ya mtoto ni myembamba, kwa hiyo walimwekea mrija. Ni mrija laini unaotokeza kifuani, nao hupita chini ya ngozi hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Dawa ziliingilia humo, damu ya kupima ilitolewa humo, na mtoto akapumzika kuchomwachomwa. Meneja aliupenda mrija wake. Aliuita "mfanyakazi mpya".

Siku walipoambiwa waende nyumbani, nesi wa wodi ya watoto aliwakalisha chini wazazi.

"Huu ni mlango unaofungukia kwenye damu," alisema. "Kijidudu kikipata nafasi hapa hakipigi hodi. Mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa. Msiuloweshe. Hiki kibandiko kilichofunika mrija kinaonyesha ngozi kwa makusudi, ili mkitazame kila siku. Kikilowa au kikiachia, njooni tukibadilishe. Na akipata homa, au akitetemeka, msimpe dawa ya homa mkakaa kusubiri. Njooni hapo hapo, iwe usiku iwe mchana."

Fundi bomba akajipapasa, akatoa mfukoni ule utepe mweupe wanaozungushia mabomba yasivuje. "Nesi, hapa kwenye kiungo tukizungusha kidogo tu..."

"Baba, rudisha utepe wako mfukoni kabla sijamwita mlinzi."

Walicheka wote, na Meneja akamfukuza baba yake kazi papo hapo.

Sasa sikilizeni shetani alipopitia. Alikuja mteja mmoja, mama wa bibi harusi, kupima gauni. Akamwona Meneja mezani, na mrija umechungulia kwenye kola. Akarudi nyuma hatua nzima. "Ee, na hicho nini tena? Hakiambukizi?" Akavuta mkoba wake kifuani kama vile mrija ungemwibia. Meneja akaivuta kola juu, amri zikaisha. Fundi akasikia, na damu ikamchemka. Fundi ni mtu ambaye hajawahi kuruhusu kitu kibaya kitoke mikononi mwake, na hapo ndipo alipoapa kwamba hakuna macho ya mtu yatakayomdhalilisha tena binti wa kaka yake.

Kesho yake Meneja alitokea na kifuko kifuani. Kifuko cha hariri, ndani kimetiwa sponji nyembamba, kimefungwa kwa utepe nyuma ya shingo na mwingine mgongoni. Kilifunika mrija, kikafunika kibandiko, kikafunika kila kitu. Ukija Jumatatu ni cha bluu, Jumanne cha manjano, kila gauni na kifuko chake. Na kilipendeza, nisiseme uongo! Bibi harusi mmoja alidhani ni mtindo mpya akataka na yeye ashonewe. Fundi akavimba kichwa, na Meneja akarudi kutoa amri zake. Ungesema tatizo limekwisha.

Ila mama yake Meneja hakuwa na raha. Mama huyu anafanya kazi maktaba, amezoea kunong'ona, na hata nyumbani ananong'ona. Kila alipofungua kifuko aliona sponji imenyonya jasho, na kibandiko kimepata unyevu kwa ndani. Alijua kabisa kwamba kile kitu kinatakiwa kukaa wazi na kikavu. Lakini kufungua kifuko ni kufungua mafundo ya Fundi, na Fundi akifunga, amefunga. Na akimkuta anafungua, humuuliza, "Wifi, mbona unakivua? Hukipendi?"

"Nakipenda, wifi. Natazama tu."

"Haya." Halafu ananuna. Na Fundi akinuna, mwenzangu, hata cherehani inabadilisha mlio. Nyumba ni yake, meza ni yake, na wifi yake ni mtu wa haya. Basi yule mama, aliyekuwa akitazama kibandiko kila siku, akaanza kupitisha siku. Baadaye akawa anatazama pale tu Fundi anapotoka kwenda kununua vitambaa.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Meneja. Asubuhi, wakati wa kumpangusa mwili, mama akakuta kona ya kibandiko imeachia, na ngozi chini yake imeanza kuwa nyekundu. Akaenda dukani. Fundi alikuwa ameng'ata pini mdomoni, anamalizia kifuko kipya cha kwendea sherehe.

"Wifi," alinong'ona, "naona kama kuna joto kidogo hapo kifuani."

"Joto la nini? Hariri hii inapumua kuliko mimi. Angalia, nimekitia shanga. Leo watu watakoma!"

"Kweli watakoma. Nilikuwa nasema tu."

Akameza maneno yake, akaondoka. Alijiambia kesho mapema atampeleka mtoto hospitali, leo asiharibu furaha ya watu. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, akijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi siwezi kumcheka. Ni wangapi humu wamewahi kumeza neno kwa kumwogopa wifi, mkwe au shemeji? Msiniangalie hivyo, mnajijua.

Alasiri nyumba ilijaa. Kila aliyeingia alimkumbatia Meneja, akamwinamia, akakishika kile kifuko. "Hebu nikione! Lo, shanga hizi!" Mikono iliyotoka kushika simu, milango na viti vya kukodi, yote ilipita pale. Ndoo ya maji na sabuni ilikuwepo uani, lakini nani atamwambia mgeni akanawe? Itaonekana kama unamwambia mchafu. Mama alisimama pembeni na tabasamu la kubandika.

Mwanzoni Meneja aliongoza sherehe vizuri. Alimwamuru mpiga muziki apunguze sauti, akamwamuru aongeze. Kisha nikaona kimya. Nikamsogelea, nikamtega makusudi: "Bosi, leo nimekuja na gauni lenye makunyanzi." Akanitazama tu. Hakunifukuza. Hapo hata mimi nikashtuka, maana mtoto yule asingeacha makunyanzi yapite hivi hivi. Mara akaanza kutetemeka, meno yanagongana, na kile kifuko chenye shanga kinachezacheza kifuani.

"Ni hiyo feni," Fundi akasema. "Zimeni feni." Akamgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka. "Ana kahoma. Amechoka tu. Mpeni dawa ya homa alale kidogo, akiamka akate keki. Watu wametoka mbali."

Fundi bomba alikuwa ameshika kisu cha keki. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akabaki amesimama.

"Hapana!"

Jamani, sikujua kama mama yule ana sauti. Muziki ulizimwa bila kuambiwa mtu. Alisimama mbele ya Fundi, uso kwa uso.

"Wifi, nakuheshimu. Nyumba ni yako na sherehe umeiandaa wewe. Ila mtoto nimemzaa mimi. Hanywi dawa ya homa, wala halali. Anakwenda hospitali sasa hivi."

"Wifi, mbele za watu?"

"Mbele za watu!"

Akageuka kufungua kifuko. Mafundo yakagoma. Akanyoosha mkono mezani akachukua mkasi wa Fundi. Mnaujua mkasi wa mshonaji? Haushikwi na mtu mwingine. Mimi mwenyewe niliwahi kuuomba nikate uzi, nikajibiwa kwa macho tu. Mama akamwinamisha mtoto, akakata utepe nyuma ya shingo, akakata na wa mgongoni, mbali kabisa na mrija, maana mkasi na mrija havikaribiani. Kifuko kikaanguka, shanga zikatawanyika sakafuni.

Tukaona wote. Kibandiko kilikuwa kimeachia upande mzima, kimelowa, na ngozi kuzunguka mrija imekuwa nyekundu. Fundi aliangalia mara moja. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alitoka mbio miguu mitupu hadi barabarani, na gauni lake la sherehe, akasimama katikati ya njia akaizuia teksi kwa kifua. Dereva akatukana, kisha akamwona mtoto, akafungua milango. Wakaingia mama, baba, Meneja na Fundi. Na mimi nikajikuta ndani, sijui niliingiaje.

Hospitali hawakupoteza muda. Nesi alipoambiwa tu kwamba mtoto ana mrija na anatetemeka, alimbeba. Walichukua damu kwenye mrija na nyingine mkononi, wakaanza dawa ya kuua vijidudu hata kabla majibu hayajatoka. Daktari, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya utulivu, alituita pembeni.

"Inaonekana vijidudu vimeingia kwenye damu kupitia mrija. Na kinga yake iko chini kwa sababu ya dawa za saratani, hana askari wa kutosha wa kupigana. Mmefanya vizuri sana kumleta sasa. Mngemtuliza kwa dawa ya homa mkasubiri, pengine tungekuwa na mazungumzo mengine."

"Atapona?" baba akauliza.

"Tunapigana. Siwezi kuahidi, lakini mmetupa nafasi."

Tulikaa kwenye benchi la korido. Fundi alikuwa na futi yake ya kupimia bado shingoni, miguu ina vumbi. Kisha akamgeukia mama Meneja.

"Wifi, asubuhi ulikuwa umeona?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?" Fundi akajishika kifua. "Mimi ni nani, wifi, mpaka uniogope kuliko kumzika mtoto?"

"Ulininunia wiki nzima kwa sababu ya pazia."

Machozi yakamtoka Fundi, naye hakuyafuta. "Ni kweli. Nina kununa kubaya, hata marehemu mama alisema. Sasa nisikilize vizuri. Siku nyingine niache ninune! Ninune mpaka mwaka uishe, nivimbe, nipasuke, mtoto akiwa mzima. Kosa ni langu. Niliogopa macho ya watu nikamfunika mtoto, na wewe ukaogopa macho yangu."

Wakakumbatiana pale benchini, wanalia na kucheka kwa pamoja. Fundi bomba akaniuliza kwa kunong'ona kama aingilie kati. Nikamwambia rudisha utepe wako mfukoni.

Majibu ya damu yalithibitisha alichosema daktari. Mrija ule ilibidi utolewe, na zikaja siku ambazo roho zetu zilikuwa mkononi. Homa inashuka, tunashukuru. Inapanda tena, tunaomba. Hadi asubuhi moja nimepeleka mashuka safi, namkuta Meneja amekaa kitandani, macho makavu, ananikagua kuanzia viatu.

"Dobi, keki yangu iko wapi?"

Tukatazamana. Baba akakohoa. "Wageni... wageni waliila, mwanangu."

"Yote?"

"Yote."

"Wafukuzwe kazi wote!"

Lo! Kelele tulizopiga wodini, nesi alikuja mbio akidhani kuna msiba, akakuta watu wazima wanaruka. Fundi akauliza kwa woga, "Na mama naye?"

Meneja akafikiri. "Mama anapandishwa cheo."

Aliporudi nyumbani na mrija mwingine, mambo yalibadilika. Kibandiko kilikaa wazi, kikavu, kinatazamwa kila siku mchana kweupe. Fundi hakushona tena kitu cha mtoto bila kumuuliza nesi kwanza. Na mlangoni pakawekwa maji na sabuni. Siku moja alikuja kaka mkubwa wa Fundi na fundi bomba, mtu mzito, ambaye akiingia mahali viti vyenyewe vinajipanga. Akamnyooshea Meneja mikono. Mama akasimama katikati.

"Karibu, shemeji. Sabuni ile pale, unawe kwanza."

Mzee akavimba. "Mimi?"

"Wewe, shemeji. Na mimi nimenawa, na baba yake amenawa."

"Na mimi nimenawa mpaka nimeanza kuchuja rangi," Fundi akadakia bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kaka, kama utanuna, nuna ukiwa unanawa."

Mzee alinung'unika, akanawa. Kisha akacheka mwenyewe, na Meneja akamwajiri awe mlinzi wa sabuni.

Matibabu yalikwisha, majirani. Yalikwisha salama. Mrija ukatolewa, nywele zikarudi, na siku ya kujiandaa kwenda shule Fundi alimsimamisha juu ya meza ampime. Akapitisha futi kifuani, pale palipobaki kovu dogo. Mkono ukasita.

"Mwanangu, nikutilie kola ya juu kidogo? Kovu lisionekane..."

"Shingo iwe wazi, Shangazi. Wakiuliza, nitawajibu mwenyewe."

Fundi akachukua chaki, akachora shingo wazi.

MAFUNZO

Enyi wazazi na walezi, na nyinyi nyote mnaoingia katika nyumba za wagonjwa, funzo la kwanza ni hili: mtoto mgonjwa si aibu ya kufunikwa. Kifuko kile kilishonwa kwa upendo, tena upendo mkubwa, na bado kidogo kingemuua. Mnachokificha hamkioni, na msichokiona hamwezi kukitibu. Mpende mtoto kwa kumtazama.

La pili nalisema kwa ukali, mnisamehe. Heshima isiyoweza kusema "nawa mikono" si heshima, ni woga uliovaa vizuri. Na wewe unayeambiwa ukanawe usijione umetukanwa. Umeaminiwa kumkaribia mtoto wa watu. Wenye kununa pia wajiangalie. Ukiona watu wa nyumba yako wanakupa habari nzuri tu, jiulize mbaya wanampelekea nani.

Na mtoto mwenye mrija akipata homa au akianza kutetemeka, acha keki, acha wageni, acha kujiuliza watu watasemaje. Usimtulize kwa dawa ya homa ukasubiri kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika sema wazi kwamba ana mrija. Mama mmoja mnong'onaji alipiga kelele mara moja tu maishani mwake, na kwa kelele hiyo binti yake leo anakwenda shule.